Ngozi ya Pundamilia Kabla ya Pasaka

Tsandi, 8 Februari 1998

Mume wangu Shikongo,

Acha niliandike tena: mume wangu. Wenzangu wanasema utamu wa neno hili unaisha baada ya mvua moja. Mvua zimenyesha, uwele umefika magotini, na mimi bado nikilitamka peke yangu jikoni nasikia moto masikioni.

Tangu urudi kazini Otjiwarongo nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikikaa nasimama, nikisimama naenda langoni kutazama njia ambayo najua haina mtu. Jana tulikuwa tunapalilia na mama yako, nikajikuta nacheka. Meme Toini akaegemea jembe.

"Wewe, magugu yanakuchekesha?"

"Hapana, Meme."

"Basi yang'oe, usiyachumbie."

Kwa bahati mbaya jirani yetu Tate Kanime alikuwa anapita na mbuzi wake, akasikia. Sasa kila akiniona ananipigia kelele toka mbali, "Bi harusi! Magugu hawajambo?"

Lile shati la kazi ulilolisahau sijalifua. Usinicheke. Lina harufu ya mafuta, ya chumvi, na ya kitu kikali kinachokwangua pua. Wengine wameolewa na wanaume wanaonukia sabuni. Mimi wangu ananukia hivi, na simbadilishi.

Sasa niambie, hiyo mikono yako inashika nini kutwa nzima? Usiniandikie "tunatengeneza ngozi". Nieleze kama unayemwonyesha mtu aliyesimama karibu yako kabisa, bega kwa bega, maana ndipo nilipo.

Mkeo anayekuwaza hata akisonga ugali,
Ndahafa


Otjiwarongo, 18 Februari 1998

Mke wangu Ndahafa,

Barua yako niliisoma nyuma ya mapipa, nikaisoma tena kitandani, na mwenzangu Uirab akaninyang'anya akataka kuisoma kwa sauti. Tulikimbizana mpaka getini. Mlinzi akauliza nani kaiba.

Haya, simama hapa karibu nami. Wawindaji wanatoka ng'ambo, wanapiga tandala au choroa, na wanataka akae ukutani kwao kana kwamba yuko hai na amesikia kitu. Kuna mafundi wa kuunda kichwa na kuweka macho ya kioo. Mimi si hao. Mimi ni wa mapipa. Ngozi inakuja kwangu ngumu kama bati, imejaa chumvi. Naiamsha katika maji ya chumvi mpaka ikumbuke kwamba ilikuwa ngozi. Kisha inaingia kwenye tindikali, inakwanguliwa upande wa nyama mpaka iwe nyembamba, inarudi pipani, inatulizwa kwa magadi, inapakwa mafuta, inazungushwa na vumbi la mbao. Ikitoka ni laini kama shavu lako. Samahani, lakini ndivyo ninavyoipima.

Najua utauliza kuhusu hatari, kwa hiyo nakuwahi. Maji ndiyo yanatangulia, tindikali inafuata polepole. Ukifanya kinyume, ukamwaga maji juu ya tindikali, inakurukia usoni. Chumvi lazima iwemo ndani ya pipa kabla, la sivyo ngozi inavimba kama maandazi na manyoya yanabanduka. Navaa glavu mpaka kwenye viwiko, miwani, aproni ndefu ya mpira, na milango yote iko wazi. Uirab anasema, "Zamani ulikuwa unavaa glavu bosi akipita. Siku hizi hata ukienda kula unazo." Nikamwambia zamani mikono ilikuwa yangu peke yangu.

Mumeo,
Shikongo


Tsandi, 4 Machi 1998

Kipenzi changu, shavu laini linakusalimu.

Nimeisoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Sasa nina maswali, na ni maswali tu, usianze kuwaza mengi. Mtu asiye na tindikali anaweza kutumia nini? Ngozi ikitiwa chumvi ghalani, mahali penye kivuli, inakaa muda gani bila kuoza? Manyoya yanashikaje yasitoke? Na kwa ngozi kubwa, tuseme ya kulalia watu wawili, chumvi iwe kiasi gani?

Nauliza kwa sababu mwanamke aliyesoma anapaswa kuijua kazi ya mumewe. Ndiyo sababu yenyewe. Usiulize nyingine.

Huku matunda ya marula yameanza kuanguka, tunakamua mpaka vidole vinakunjamana. Meme anasema nakamua vizuri ila naimba vibaya. Nahesabu Pasaka, Shikongo. Nikiamka naihesabu, na nikimaliza naanza upya kana kwamba labda nimekosea na iko karibu zaidi.

Wako, wako, wako,
Ndahafa


Otjiwarongo, 16 Machi 1998

Ndahafa mke wangu,

Mtu haulizi kiasi cha chumvi cha ngozi ya kulalia watu wawili kwa sababu ya elimu. Meme anataka kuchinja lile dume la mbuzi, na wewe unataka kunitandikia ngozi yake nikija. Nimekupata? Mbuzi ni mdogo kwa watu wawili, lakini tutasogeleana. Nimetembea nikitabasamu siku nzima hata bosi akauliza kama nimelewa.

Basi sikiliza. Tindikali yetu usiiguse wala usiitafute. Siki na chumvi zitakutosha, katika ndoo ya plastiki ambayo haitapikiwa wala kunywewa tena kamwe. Ngozi mbichi ipake chumvi tele upande wa nyama, mpaka kwenye kingo na miguuni, maana manyoya yanaanza kutoka pale chumvi ilipoogopa kufika. Ikilia maji, yakung'ute, paka nyingine. Vaa glavu. Ukiwa na mchubuko mkononi, mpe mwingine kazi.

Lakini kuna jambo lililo mbele ya hayo yote, na ndilo fundi wangu wa kwanza alinifundisha kabla hajanionyesha hata pipa: ujue mnyama alikufaje. Aliyechinjwa au kupigwa risasi akiwa mzima, sawa. Aliyekutwa amelala, hapana. Usimchune, usimguse, hata kama anang'aa. Hasa huko kwetu karibu na uzio wa hifadhi, mvua zinapoelekea mwisho, pundamilia wanakufa kwa kimeta. Utamkuta amevimba haraka, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani. Ugonjwa ule unakaa kwenye ngozi. Chumvi haiuui, siki haiuui, mapipa yangu yote hayauui. Mtu akiupata mkononi unaanza kama kipele kinachowasha, kisha kinakuwa kidonda cheusi katikati, na ajabu yake hakiumi, ndiyo maana watu wanakaa nyumbani wakingoja kipone.

Nimekuandikia mambo ya kutisha kwenye barua ya mapenzi. Nisamehe. Dume la Meme litachinjwa mbele yako, kwa hiyo hayo hayakuhusu.

Anayekuja,
Shikongo


Tsandi, 17 Machi 1998

Shikongo wangu,

Siwezi! Nimejaribu kutunza siri mpaka Pasaka na imenishinda, inanikimbiza ndani ya nyumba kama panya. Jibu lako halijafika nami nakuandikia barua nyingine. Binamu yake Meme anapanda basi kesho kwenda kusini, atakuletea hii mkononi, kwa hiyo naweza kusema kila kitu.

Tunayo ngozi. Si ya mbuzi niliyokuwa naiwaza nilipokuuliza. Ni ya pundamilia!

Wiki iliyopita Tate Kanime alimkuta amekufa nyuma ya shamba lake, ametoka huko kwenye hifadhi pale tembo walipoangusha uzio. Wewe unajua ilivyo, nyama haiachwi ikaliwa na fisi huku watu wapo, na anayeipata asipogawia majirani kabla jua halijazama atasemwa mpaka wajukuu. Basi alimchuna haraka haraka, maana watu wa wanyamapori wakijua ni kesi. Alileta mguu kwetu. Meme aliupika mpaka asubuhi ikawa mchana, hakuuliza ni wa nini. Nikamfuata Tate Kanime uani.

"Ngozi unaipeleka wapi?"

"Naifukia. Mistari hii inaongea, bi harusi. Askari ataisikia toka Okahao."

"Nipe mimi."

"Uifanyie nini, uwavalishe magugu?"

"Mume wangu ni fundi wa ngozi. Nimesoma namna yake."

Alicheka mpaka akakaa chini, lakini akanipa. Akaniapisha nisimwambie mtu, hata Meme. Nimeipaka chumvi kama zile zinazokuja kwenu, nimeificha ghalani chini ya magunia, na kila siku naingia kuikung'uta na kuipaka nyingine. Ni nzuri, Shikongo! Manyoya hayatoki hata moja. Tate Kanime aliniambia damu yake ilikuwa nyeusi na haikutaka kuganda, nikamwambia labda ni joto. Huoni ninavyojua mambo sasa?

Glavu sikupata, duka la Tsandi lina za kuoshea vyombo tu na zimetoboka. Nilijikwaruza na mwiba wakati wa kuibeba, pametoka kipele hapo juu ya kifundo cha mkono. Kinawasha lakini hakiumi hata kidogo, nadhani ni mbu. Leo katikati kimekuwa cheusi. Meme aliuliza, nikamwambia nimeegemea sufuria.

Utalala juu ya mistari kama mfalme. Njoo upesi.

Mkeo fundi,
Ndahafa


Otjiwarongo, 22 Machi 1998

Ndahafa,

Acha kusoma, nenda hospitali. Mwambie nesi: kimeta, pundamilia, mkono. Nenda sasa, utamaliza kusoma njiani.

Barua yako imefika leo saa nne; mleta barua alikaa njiani kwa ndugu zake. Nimepiga simu dukani Tsandi, akapokea mtoto, akacheka, akakata. Nimepiga shuleni, ni Jumapili. Hii nampa dereva wa basi la jioni, lakini basi halitafika leo, wala kesho mapema. Kwa hiyo nimefanya jambo ambalo utanichukia kwalo. Nimepeleka tangazo redioni. Litasomwa leo jioni pamoja na matangazo ya vifo, saa ile ambayo kaskazini nzima inanyamaza kusikiliza.

Yule dada wa matangazo aliniuliza, "Marehemu ni nani?"

Nikamwambia, "Hakuna marehemu. Ndicho ninachokuombea."

Nilitaka waseme tu "Ndahafa aende hospitali". Kisha nikakufahamu. Ungedhani ni mimi nimelazwa, ungepanda basi na mkono huo uje kuniuguza. Kwa hiyo nimetaja ngozi. Nimetaja pundamilia. Nimetaja kila aliyemchuna na kila aliyekula. Jina la Tate Kanime sikulitaja, lakini kijiji chetu hakihitaji kutajiwa.

Najua nimekuvua nguo mbele ya watu, wewe bi harusi wa juzi. Nichukie ukiwa hai.

Ngozi usiifungue tena. Usiitoe nje, usiichome moto wewe mwenyewe. Funga ghala, ng'ombe na mbuzi wakae mbali, bwana mifugo aje.

Shikongo


Tsandi, 25 Machi 1998

Mwanangu Shikongo,

Mimi si mwandishi, wamisionari walinifundisha kuandika ili nisome Biblia, si ili niwaandikie watoto wajinga. Lakini mkeo hawezi kushika kalamu, kwa hiyo nivumilie.

Jumapili jioni tulikuwa uani na redio, na majirani walikuwepo kama kawaida, kila mtu akingoja kusikia nani amekufa. Wakasoma mzee wa Ombalantu. Wakasoma mwalimu wa Ongandjera. Kisha nikasikia, "Ndahafa, mkamwana wa Toini, Tsandi." Nikajua umekufa wewe, kwa sababu mkeo alikuwa mbele yangu na mwiko mkononi. Halafu yule msichana wa redio akaendelea na habari za pundamilia.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Watu walitazama matumbo yao.

Nikamwambia mkeo, "Leta mkono." Akauficha nyuma. Nikamwambia, "Wewe mtoto, nchi nzima imeshauona, nibaki mimi tu?" Ndipo akauleta. Ile sufuria aliyosema ameegemea ingekuwa sufuria ya shetani. Kidonda ni cheusi katikati, kimezungukwa na malengelenge, na mkono umevimba mpaka karibu na bega.

Mchungaji alitoa pikapu yake. Njiani mkeo alikuwa ananiomba msamaha, na mimi nilikuwa nimemshikilia asiruke ruke nyuma ya gari. Nesi alipouliza nani aliileta ngozi nyumbani, nikasema ni mimi. Mkeo akasema, "Anadanganya, nesi, ni mimi." Tukabishana pale kama wanawake wa sokoni mpaka nesi akasema atatuchoma sindano wote wawili. Na kweli alituchoma.

Waliokula wamepewa vidonge. Bwana mifugo amekuja na watu waliovaa kama wewe kazini, wamechoma ngozi pamoja na magunia yangu, wamechimba shimo pale mnyama alipochuniwa wakamwaga chokaa, sasa wanachanja ng'ombe. Hakuna anayeruhusiwa kuuza hata mbuzi. Majirani wananisalimia kwa mbali, kama wananidai.

Kanime amejificha. Kupitia mkewe anasema hakuchuna, hakula, na pundamilia hamjui.

Barua yako ya tarehe kumi na sita, yenye maonyo yote, imefika Jumatatu. Mwanamume anamfundisha mkewe kazi ya ngozi kwa barua, kama mapishi ya keki, kisha la muhimu analiweka mwisho! Nimekuzaa, lakini sijui akili uliitoa upande gani.

Homa yake jana ilipanda, leo asubuhi imeshuka, mchana imepanda tena. Daktari anasema tungoje. Mimi nangoja. Nawe ngoja huko huko uliko, huna dawa unayoleta.

Mama yako,
Toini


Hospitalini, 2 Aprili 1998

Shikongo,

Unaona mwandiko? Ni mkono wa kushoto. Herufi zinaanguka kama walevi, lakini ni mimi, na niko hai, na leo nimekula uji wote nikaomba mwingine.

Nilikuchukia. Nataka ujue hivyo. Siku mbili nilikuwa nageuka ukutani kila mtu akiingia wodini, maana kila anayeingia anasema, "Ndiye huyu wa redioni?" Bibi mmoja aliletwa na wajukuu kunitazama tu. Nilijiambia kwamba mume anayempenda mkewe angetembea kwa miguu toka Otjiwarongo kuliko kumtaja kati ya maiti. Kisha daktari aliniambia ningengoja siku chache zaidi ningetajwa kweli, katika kipindi kile kile. Basi nikakusamehe, kisha nikakukumbuka, kisha nikalia mpaka nesi akadhani homa imerudi.

Tate Kanime yuko wodi ya wanaume. Kidonda chake kilitoka shingoni, akakifunika kwa skafu, na joto lote hili! Mkewe alimfuata shambani akamwambia, "Chagua. Jela wanapika. Kaburini hawapiki." Akaja mwenyewe kwa miguu. Shingo imevimba, anapumua kama mpira wa baiskeli uliotoboka, lakini jana alinitumia salamu kwa nesi: "Mwambie bi harusi, mistari iliongea kweli, tena kwenye redio." Mtu wa wanyamapori alikuja kumhoji. Nami niliomba nipelekwe pale, nikasema mbele yake kwamba ngozi angeifukia kama nisingeiomba mimi. Aliandika, akaondoka. Hatujui atarudi na nini.

Kovu litabaki. Ni duara, na ni baya. Meme anasema nilifunge na kitambaa. Sitaki.

Lakini sikiliza, kuna jambo halinipi usingizi wala utulivu, na si mkono wangu. Nimelala hapa nikiirudia ile barua yako. Ujue mnyama alikufaje, umeandika, ndilo la kwanza. Nami najiuliza: zile ngozi zinazokuja kwenu kwenye lori, ngumu kama bati, zimejaa chumvi, wewe uliwaona wakifa? Kuna anayekuambia? Kuna siku umeuliza? Glavu zako, miwani yako, aproni yako, yote nimeyasoma mpaka nimeyakariri. Hili sijaliona popote.

Mimi nina kovu moja. Nijibu kweli, Shikongo, usinijibu kimapenzi.

Ndahafa


Otjiwarongo, 7 Aprili 1998

Mke wangu,

Sijawahi kuuliza. Ndilo jibu la kweli.

Barua yako niliipata jana mchana, na leo asubuhi lori liliingia toka kwenye mashamba ya kaskazini. Tulianza kushusha kama siku zote. Nilipofika kwa pundamilia, niliona mikono yangu imesimama. Nikamtandaza mmoja chini, nikatafuta tundu la risasi. Kila ngozi ya mwindaji ina tundu, huwa tunalishona. Nikatazama begani, shingoni, mbavuni. Hakuna. Nikamtandaza wa pili. Hakuna.

Nikamwuliza dereva, "Hawa walikufaje?"

"Mimi dereva, kaka. Mimi nabeba."

Uirab akaacha alichoshika. Wengine wakaacha. Tangazo lile walilisikia hata huku, mabwenini kwetu redio ya kaskazini haizimwi. Mmoja akaanza kutazama viganja vyake. Bosi akatoka kuona kwa nini kazi imesimama.

"Kuna nini?"

Nikasema, "Tunauliza hawa walikufaje."

"Miaka yote hii hukuwahi kuuliza. Leo ni nani anauliza?"

Ndahafa, nikanyoosha mgongo. Nikasema, "Anauliza mume wa Ndahafa."

Alitazama zile ngozi, akatutazama sisi, akaingia ofisini, akafunga mlango. Kupitia dirishani tunamwona yuko kwenye simu na amesimama. Hatujui kama anampigia mwenye shamba, au bwana mifugo, au anatafuta watu wengine wa kushusha. Lori liko uani, limefunikwa turubai tena, dereva amekaa kivulini anakula mkate wake. Sisi tumenawa mpaka kwenye mabega, tumekaa ukutani mstari mmoja, na hakuna aliyegusa kitu tangu saa tatu.

Alhamisi napanda basi. Nitakuja na mfuko wa likizo au na virago vyangu vyote, bado sijui. Lakini kovu usilifunge. Nataka niwe mtu wa kwanza kulitazama bila kugeuza macho.

Mumeo,
Shikongo